Waliniita Filthi

Jina la utani nililolibeba miaka minne ya sekondari nilijitafutia mwenyewe. Wenzangu waliyapata yao kwa njia za kawaida: mmoja aliitwa Twiga kwa ajili ya shingo, mwingine Pilau kwa sababu alilia machozi siku ya Idi ya kwanza aliyoikuta bwenini, alipopewa ugali na maharage. Mimi niliitwa Filthi. Neno hilo nililichimbua katika kamusi kwa mkono wangu, nikaliandika kwa wino wa buluu, nikalipeleka kwa mwalimu kifua mbele.

Ilikuwa mwaka 1975, kidato cha kwanza. Mpaka darasa la saba nilikuwa nimesoma kila kitu kwa Kiswahili, hesabu, siasa, hata mzunguko wa damu. Kufika sekondari, tukageuzwa ulimi sote kwa siku moja. Mwalimu wa Kiingereza alitupa kichwa cha insha, "My Mother", maneno mia moja na hamsini, kesho asubuhi mezani kwake.

Mama yangu alikuwa mkulima wa Muheza. Baba alifanya kazi korona, ndivyo tulivyokiita kiwanda cha kukwangulia mkonge, akirudi jioni ananuka yale maji ya kijani ya majani na mikono inamwasha. Mshahara wake ulikuwa kama mgeni mwenye haraka: anabisha hodi, anaaga. Kilichotulisha ni jembe la mama. Nilitaka kumwambia mwalimu yule kwamba mama akitoka shamba huwa na udongo mwekundu mpaka viwikoni, kwamba kucha zake sijapata kuziona nyeupe tangu nimjue, na kwamba sanduku langu la bati lililoko chini ya kitanda bwenini lilinunuliwa kwa mihogo iliyong'olewa na mikono hiyo. Neno "dirty" nililijua. Kila mtoto alilijua. Nikaliona jepesi. Mama yangu hakustahili neno la bei rahisi.

Maktaba ya shule ilikuwa na kamusi moja ya Kiingereza yenye jalada lililobanduka. Nikapekua, nikakuta "filthy" imeelezwa kwa maneno mawili tu: chafu sana. Nikaona hapa ndipo. Nikaandika: "My mother is a filthy woman. She is filthy because she loves us."

Mwalimu aliisoma mbele ya darasa, akaishia sentensi ya pili. Akavua miwani, akaifuta, akaisoma tena. Alicheka yeye kwanza, kisha waliofahamu, kisha wale ambao hawakufahamu kitu ila waliona si vizuri kubaki nyuma. Kufikia chakula cha usiku jina lilikuwa limeshanikaa. Hakuna aliyenieleza kosa. Simlaumu sana mwalimu. Alikuwa na madaftari zaidi ya arobaini ya kusahihisha, na mengine yalikuwa mabaya kuliko langu. Alinipa nne kwa kumi akaendelea na kazi yake. Mimi ilinichukua miaka kumi na minne kujua nilichokuwa nimeandika.

Kosa lenyewe nadhani lilianzia nyumbani, kwa bibi mzaa mama, ambaye tulikaa naye. Kwa bibi hapakuwa na uchafu. Palikuwa na vitu vingi vidogo, kila kimoja na jina lake. Asubuhi alitupanga mlangoni kama askari gwaride, akaanza juu kushuka chini. Machoni tongotongo. Menoni ukoga. Kichwani mba. Shingoni nongo, na hapo alikuwa akikufinya kwa vidole viwili akakuonyesha ile nongo yenyewe ili usibishe. Ukitoka kupara samaki una shombo; ukitoka jikoni una masizi. Na kila jina lilikuja na dawa yake. Nongo ilitaka dodoki na mkono wenye nguvu, ukoga ulitaka mswaki wa mti, shombo ilitaka ndimu. Masizi ya sufuria yalitaka majivu na mchanga, na kumbi la nazi la kusugulia. Kazi hiyo ilikuwa yangu mpaka nilipopanda basi kwenda shule. Neno "uchafu" bibi alilitumia akiwa amekasirika na watu kwa jumla, si akiwa anatafuta kitu cha kuosha.

Mbali na hayo yote kulikuwa na najisi, na hiyo haikuwa katika orodha ya mlangoni kwa sababu haikukaguliwa kwa macho. Mtoto angeweza kung'aa kwa mafuta ya nazi na asiruhusiwe kugusa msahafu. Mama angeweza kutoka shamba udongo umempanda mpaka magotini, akatia udhu, akaswali. Na siku ambayo kisima kilikauka nilimwona akipiga viganja vyake juu ya udongo mkavu, akapaka uso na mikono, akakabili kibla. Nilikua nikiyaona hayo. Sikupata kujiuliza lolote, kama vile mtu asivyojiuliza kwa nini ana visigino.

Kisha ikaja 1973 na kampeni ya Mtu ni Afya. Watu zaidi ya milioni mbili nchi nzima walikaa katika vikundi wakasikiliza mafunzo redioni na kusoma vijitabu: malaria, kichocho, safura, kuhara damu. Kikundi chetu kilikutana chini ya mwembe. Mimi nilikuwa darasa la sita na nilisoma kwa sauti, kwa hiyo nilikabidhiwa kijitabu niwasomee wazee. Siku moja nikafika mahali palipozungumzia vidudu visivyoonekana kwa macho, kwamba mikono inaweza kuonekana safi na isiwe safi. Mzee mmoja, fundi cherehani, akainua kidole kama mwanafunzi. "Tulikuwa na najisi ambayo haionekani," akasema. "Sasa na uchafu nao umeacha kuonekana?" Watu wakacheka. Mshauri wa kikundi akasema tuendelee. Mimi sikuendelea, nilisoma kurasa zilizobaki mdomo ukienda na akili imebaki nyuma kwa yule fundi, na nikiulizwa nini kilinifanya niishie kufanya kazi ya maneno badala ya kazi ya maana, jibu langu ni swali lile.

Mwaka 1989 nilikwenda kusoma kaskazini mwa Uingereza. Nilipanga chumba kwa mama mmoja mjane aliyependa kuzungumza wakati anapika. Novemba, asubuhi, mvua inanyesha ya upepo, nikashuka jikoni. Akatazama dirishani akasema "Filthy weather!" na kutikisa kichwa. Nilishtuka kama mtu aliyesikia anaitwa. Nikatazama nje. Barabara ilikuwa imeoshwa ikang'aa, majani yanametameta, gari lake lililokuwa na vumbi tangu nifike lilikuwa safi kama limetoka dukani. Kila kitu nilichokiona kilikuwa kinaoga. Nikamuuliza, kwa adabu, uchafu uko wapi. Akanitazama, akageuza yai, akasema, "Well, it's horrible, isn't it?"

Horrible. Kwa hiyo haikuwa habari ya tope. Siku hiyohiyo nikaenda maktaba ya chuo. Toleo la pili la kamusi kubwa ya Oxford lilikuwa limetoka mwaka ule, juzuu 20, limepangwa rafu nzima kama matofali. Nikavuta juzuu ya herufi F, nikakaa nayo chini, nikamtafuta adui yangu.

"Filthy" imetokana na "filth", na "filth" imetokana na "foul" kwa njia ambayo Mswahili anaielewa mara moja. Sisi tuna kiambishi cha mbele: refu, urefu, pana, upana, chafu, uchafu. Waingereza wa kale walikuwa na kiambishi cha nyuma, kile cha "th": long ikazaa length, foul ikazaa filth. Basi nikafuata "foul". Mjerumani ana ndugu yake, "faul", naye analitumia kwa kitu kilichooza na pia kwa mtu mvivu. Mholanzi ana "vuil", chafu. Nyuma zaidi shina lenyewe lilianza kwa sauti ya p, na maana yake ilikuwa kuoza. Jacob Grimm, yuleyule aliyekusanya hadithi za watoto pamoja na ndugu yake, ndiye aliyeonyesha mwaka 1822 jinsi p ya zamani inavyogeuka f katika lugha za Kijerumani na jamaa zake, ndiyo maana baba kwa Kilatini ni "pater" na kwa Kiingereza "father". Ni utaratibu tu, kama sisi tunavyosema njia na njaa, na mtu wa Lamu anasema ndia na ndaa. Upande wa Kilatini, ambako p ilibaki p, shina lile limezaa "pus". Usaha.

Nilifunga juzuu ile. Mbele ya watoto zaidi ya arobaini insha yangu ilikuwa imetangaza kwamba mama yangu ameoza.

Lililoniuma zaidi, lakini, ni kwamba kamusi ya shule haikudanganya. Chafu sana: ndiyo, unaweza kulieleza hivyo. Ila ilinifanya niamini kwamba "filthy" ni "dirty" iliyoongezwa kipimo, kama chumvi, vijiko viwili badala ya kimoja. Kumbe tofauti yake haikuwa ya kipimo. "Dirty" unaweza kusema juu ya shati la mwanao huku unamwandalia maji ya kuoga. "Filthy" ina pua iliyokunjwa ndani yake. Waingereza wengi hawajui habari za kuoza na usaha, wala yule mama mwenye nyumba hakuzijua, lakini harufu imebaki ndani ya neno kwa zaidi ya miaka elfu na wanaitumia bila kukosea: hali ya hewa, hasira, jicho baya analokutupia mtu, utajiri wa kupindukia. Hakuna hata kimoja katika hivyo kinachohitaji sabuni.

Kwa kuwa nilikuwa nimeshakaa, nikamtafuta na "dirty", lile neno la bei rahisi. Nalo lina mambo yake. Zamani lilikuwa "drit", lililoletwa na watu wa Skandinavia waliovamia na kuhamia Uingereza kuanzia karne ya 9, na maana yake ilikuwa mavi. Baadaye r na i zikapishana, jambo ambalo Kiingereza hakioni aibu kulifanya: ndege naye alikuwa "brid" kabla ya kuwa "bird". Na lilipofika Marekani "dirt" likatulia, likawa udongo wa kawaida tu. Barabara ya vumbi kwao ni "dirt road", na mkulima anaweza kusema anapenda harufu ya "dirt" mikononi bila mtu kumcheka. Neno lilianza chooni likaishia shambani. Nililifurahia sana hilo, na furaha hiyo ilikuja kuniponza.

Kuna jambo jingine nililokuja kulijua baadaye, niliporudi Dar es Salaam na kuwa mhariri katika shirika la uchapishaji. William Tyndale, aliyetafsiri Agano Jipya kwa Kiingereza likachapwa Worms, Ujerumani, mwaka 1526, alipofika mahali Mtume Paulo anapokemea walimu wa uongo wanaotafuta faida, aliandika "filthy lucre". Alikuja kunyongwa na kuchomwa mwaka 1536, lakini maneno hayo mawili yaliishi, na mpaka leo Mwingereza anayataja akitaka kuzizungumzia fedha kwa kejeli. Mwenzangu mezani, Mlutheri msomaji, aliniambia kwamba neno la Kigiriki pale halina uchafu wala harufu, linahusu aibu. Akafungua Biblia ya Kiswahili kunionyesha: watafsiri wetu wameandika aibu. Nilifurahi, sijui kwa nini, kama timu yangu imefunga bao. Tyndale alitaka wasomaji wake wakunje pua, na Kiingereza kilikuwa na neno la kuwakunjisha. Waliotafsiri Kiswahili walitaka msomaji ainamishe macho.

Na siku hizi mjukuu wangu, anayetazama mpira wa kikapu wa Marekani usiku wa manane, ananiambia mchezaji akimpiga mwenzake chenga ya kumkalisha chini, watangazaji wanapiga kelele "Filthy!" Ni sifa. Hilo halikunipa shida. Vijana wa kwetu wakimsifu mchezaji husema jamaa ni mbaya, ni noma, ni balaa. Lugha zote zikishiba hucheza na sumu zake.

Narudi Uingereza, kwa sababu hadithi yenyewe iko huko. Masomo yalipokwisha nilibaki miaka minne zaidi ya niliyowaahidi nyumbani. Serikali ya Somalia ilikuwa imeanguka mwaka 1991, na miongoni mwa wakimbizi waliofika London walikuwamo Wabajuni, watu wa visiwa na pwani ya kusini kule, ambao Kiswahili chao ni cha kaskazini kabisa. Ofisi zilihitaji wakalimani. Mimi nilihitaji pesa. Kibajuni kilinitoa jasho wiki za mwanzo, nikawa naomba nirudiwe mara tatu kila jambo, lakini sikio likazoea.

Mama mmoja wa makamo, mjane mwenye wajukuu wawili, alikuwa amepangiwa fleti. Tukaenda kuiona pamoja na ofisa wa nyumba, kijana mpole, mwenye karatasi nyingi. Alifungua mlango, akanusa, akasema tumsamehe, "it's absolutely filthy," aliyehama alikuwa na mbwa wawili, lakini wasafishaji watakuja Jumatatu na zulia litaondolewa.

Nikakalimani: nyumba ni chafu sana, kulikuwa na mbwa wawili, watasafisha.

Mama akasimama palepale kizingitini, hakuingiza hata kidole cha mguu. "Chafu au najisi, mwanangu?"

Nikamgeukia ofisa. Sikuwa na neno. Nilijaribu "impure", nikaona uso wake umejaa wasiwasi, labda alidhani nazungumzia maji. Nikajaribu kueleza: mbwa akigusa kwa mate yake au kwa mwili ulioloa, kwa madhehebu ya Shafii ambayo Waislamu wengi wa pwani yetu wanayafuata, mahali pale hapafai kuswalia mpaka paoshwe mara saba. Akaandika: mara saba. Akasema wasafishaji wana dawa kali sana, inaua kila kitu. Nikamwambia mama: wana dawa.

"Dawa yao naijua. Na moja katika hizo saba iwe ya udongo," akasema. "Mwambie atupatie udongo."

Hapa ndipo Marekani iliponiponza. Kichwani mwangu mlikuwa na "soil", mlikuwa na "earth", lakini wiki ile nilikuwa nikisoma riwaya ya mambo ya kusini mwa Marekani iliyojaa mashamba, na kilichotoka kinywani ni: "She wants some dirt. To clean it."

Kijana akanitazama. Akamtazama mama, ambaye aliitikia kwa kichwa kumhakikishia kuwa ndiyo, hicho hasa. Akarudia taratibu, kama anayehofia kuwa ameanza kuumwa: "She wants dirt." Kisha akaandika. Nimezoea kusoma maandishi juu chini, ni ugonjwa wa kazi yetu, nikaona ameandika kwa mwandiko mzuri: mteja anaomba uchafu.

Nilicheka mpaka nikashikilia mlango. Mama akataka kujua kulikoni, nikamwambia, naye akacheka, na ofisa naye akacheka kwa sababu tulikuwa tunacheka, na nikamkumbuka mwalimu wangu na darasa lake. Safari hii nilikuwa upande mwingine wa kicheko na ningeweza kukieleza. Nikakieleza. Nilitumia "earth". Kijana alikunja uso, si kwa kuchukizwa, kwa kufikiri. Akauliza kama udongo wa mfuko unaouzwa duka la bustani utafaa. Mama akauliza una nini ndani. Tukaenda dukani kusoma: mwingi ulikuwa na samadi. Tukarudi. Mwishowe niliuchimba kwa kijiko chini ya mti nyuma ya jengo, kopo moja, tukaukoroga ndani ya ndoo mpaka maji yakawa na rangi ya chai ya maziwa, na baada ya wasafishaji kwenda zao mama akapanda ngazi akaosha sakafu ya nyumba yake mwenyewe. Sita za maji matupu, moja ya udongo. Wajukuu wakabeba ndoo.

Tangu siku hiyo kila nikikutana na neno la uchafu katika Kiingereza, kabla sijaandika lolote naliuliza swali la bibi: wewe unaoshwa kwa nini? Likijibu sabuni, naandika chafu. Likisema toba, naandika ovu au la aibu. Likisema udongo, naandika najisi. "Filthy" mara nyingi linajibu kwamba halioshwi, linatupwa. Basi natafuta neno la kuoza, uvundo, au naacha uchafu kabisa nikaandika kinyaa. Wahariri wenzangu vijana wanaona nachelewesha kazi. Kweli, nachelewesha.

Nilisoma pia kitabu cha Mary Douglas, Mwingereza aliyekaa na Walele wa Kasai huko Kongo kuanzia 1949, aliyeandika mwaka 1966 kuhusu usafi na hatari. Hoja yake maarufu ni kwamba uchafu ni kitu kilichokaa pasipo mahali pake. Wali sahanini ni chakula, kwenye ndevu ni uchafu. Walele walimfundisha mengi kupitia kakakuona, mnyama mwenye magamba kama samaki lakini anapanda miti, anazaa mmoja mmoja kama binadamu, asiyekaa katika kundi lolote. Na badala ya kumtupa, walimtukuza. Hoja hiyo ni nzuri na nimeiazima mara nyingi. Lakini humo ndani kuna "mahali pake", na kila nikipita Mnazi Mmoja, Dar es Salaam, najiuliza nani aliyepanga. Wajerumani waliugawa mji kwa kanuni za ujenzi za 1914, Waingereza wakaendeleza, na uwanja ule ukaachwa wazi kati ya Uhindini na mitaa ya Waafrika kwa jina la afya. Leo watu wanakaa pale wanakula mihogo ya kukaanga na kachumbari. Mahali pake.

Nilirudi nyumbani 1995. Bibi alikuwa amekwishafariki, baba amestaafu korona na kifua chake, mama bado analima. Jioni moja tulikaa uani, yeye juu ya kibao cha mbuzi anakuna nazi, mimi kwenye kigoda, nikamsimulia yote tangu mwanzo. Sikuwa nimepata kumwambia. Nilimweleza insha, kamusi, mwalimu anafuta miwani, darasa, jina. Nikamweleza maana ya neno, kuoza na usaha, sikumficha. Nikamweleza na yule mama Mbajuni na kopo la udongo. Nilitegemea acheke pale kwenye udongo, au asononeke pale kwenye usaha. Hakufanya moja wala jingine. Alikuna nazi mpaka kifuu kikabaki kitupu.

"Alikupa ngapi?"

"Nini, mama?"

"Huyo mwalimu. Kwa hiyo insha yangu. Alikupa ngapi?"

"Nne. Kwa kumi."

"Nne!" Akaweka kifuu chini. "Sanduku la bati nimekununulia, godoro nimekununulia, ukaniandika vizuri namna hiyo, halafu nne?"

Akanyanyuka akafuta mikono kwenye kanga. Akaenda jikoni akarudi na sufuria ya mchana, nyeusi tii kwa masizi, akachota mchanga wa pale chini kwa kiganja, akaumwaga ndani, akaniwekea miguuni pamoja na kumbi la nazi.

"Haya, Filthi," akasema. "Sugua."